Mishipa ya Damu, Umri na Mazoezi: Mwongozo Kamili wa Kuanza na Kuendelea

Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usitumie gumba lenyewe, maana lina mapigo yake na litakuchanganya. Ukishayapata mapigo, tulia nayo kidogo. Wengi hudhani wanachokisikia pale ni damu ikipita. Sivyo. Ni wimbi linalosafiri kwenye ukuta wa mshipa, na wimbi hilo huiacha damu yenyewe nyuma sana. Kwa kijana mwenye afya husafiri kutoka moyoni hadi kwenye kinena kwa kasi ya mita 5 hadi 6 hivi kwa sekunde. Kwa mzee ambaye mishipa yake imekakamaa, kasi huvuka mita 10, na namba hiyo ya 10 ndiyo madaktari wa moyo huichukua kama mpaka wa hatari.

Inashangaza kusikia kwamba kasi ni dalili mbaya. Lakini gonga chuma kirefu, mlio unafika upande wa pili papo hapo. Gonga godoro, hata aliyekaa karibu hasikii. Mshipa laini hulipunguza wimbi nguvu na mwendo. Mshipa mgumu hulipitisha kama lilivyo, mpaka kwenye vimishipa vyembamba vya ubongo na figo, ambavyo havikuumbwa kupigwa nyundo mara 70 kwa dakika.

Mwongozo huu unaeleza ugumu huo unatoka wapi, mazoezi yanagusa sehemu gani yake, kisha unakwenda hatua kwa hatua. Nimemwandikia hasa mtu aliyevuka miaka 40 ambaye hajatoka jasho kwa makusudi kwa muda mrefu.

Kinachozeeka ni vitu viwili, na havizeeki kwa mwendo mmoja

Kitu cha kwanza ni ukuta. Mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, umejaa nyuzi za elastini, protini inayovutika na kurudi kama mpira. Moyo ukipiga, aota hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo ukipumzika, aota hujikaza na kuisukuma damu ile mbele. Ndiyo sababu damu haikatikikatiki njiani ingawa pampu yenyewe hupiga na kusimama. Tatizo ni kwamba elastini karibu yote tunayo tangu utotoni, na mwili wa mtu mzima hautengenezi mpya ya maana. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, yaani zaidi ya milioni 36 kwa mwaka. Ukifika miaka 60, nyuzi zile zimevutwa mara zaidi ya bilioni 2. Huchoka, hukatika, na nafasi yake huchukuliwa na kolajeni, ambayo ni imara lakini haivutiki. Chokaa nayo hujipenyeza.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kipimo cha presha. Namba ya juu hupanda na umri karibu maisha yote, lakini ya chini hupanda mpaka miaka 50 na kidogo, kisha huanza kushuka. Ndipo unapomkuta mzee ana 155 kwa 70. Wapo wanaofurahia ile 70 wakidhani ni nusu ya habari njema, kumbe pengo pana kati ya namba mbili ndilo linalosema aota imekuwa ngumu. Na presha ya chini ikishuka sana, moyo wenyewe hunyimwa, kwa kuwa hupokea sehemu kubwa ya damu yake wakati umepumzika.

Kitu cha pili ni utando wa ndani. Kila mshipa umetandikwa ndani tabaka moja tu la seli, jembamba kuliko karatasi. Kwa muda mrefu utando huu ulidhaniwa ni kama rangi ya ukutani, haufanyi kazi. Mwaka 1980 mwanasayansi wa Marekani Robert Furchgott alionyesha kwamba mshipa ukikwanguliwa utando huo hauwezi tena kulegea unapoamriwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Utando ulikuwa unatoa kitu. Baadaye kikajulikana kuwa ni gesi, oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Gesi hii huulegeza msuli uliozunguka mshipa, na huzuia chembe za kugandisha damu zisijibandike ukutani.

Umri unapokwenda, gesi hiyo hupungua: seli huzalisha kidogo, na kile kidogo huharibiwa na kemikali kali zinazoongezeka mwilini. Kwa wanaume kushuka huanza mapema, kwenye miaka ya 40. Wanawake hulindwa na homoni ya estrojeni mpaka hedhi inapokaribia kukoma, halafu hushuka kwa haraka kuliko wanaume.

Tofauti ya vitu hivi viwili ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Ukuta huzeeka polepole na sehemu kubwa ya uharibifu wake hairudishiki. Utando huzeeka pia, lakini unasikia. Ukiutendea vizuri hujibu ndani ya wiki chache, na ukiupuuza hujibu vilevile.

Mazoezi yanafanya nini hasa

Unapotembea kwa haraka, damu hupita kwenye mishipa kwa kasi na kuusugua utando. Msuguano huo ndio ujumbe. Seli za utando zina namna ya kuuhisi, na zinapouhisi huongeza utengenezaji wa oksidi ya nitriki. Ukirudiwa siku baada ya siku, huongeza hata mashine zenyewe za kuitengeneza. Kwa hiyo mishipa hainufaiki kwa sababu umechoka au umelowa jasho. Inanufaika kwa sababu damu imepita kwa kasi, kwa dakika za kutosha, na itapita tena kesho.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, miongoni mwao Hirofumi Tanaka na Douglas Seals, walichapisha matokeo yaliyobadilisha mazungumzo ya fani hii. Walichukua wanaume wa makamo waliokuwa wakikaa tu, wenye afya, wakawafanyisha mazoezi ya wastani, hasa kutembea, kwa miezi mitatu. Ateri ya shingoni, mshipa unaopeleka damu kichwani, iliongezeka ulaini kwa robo hivi, ikakaribia ya wenzao wa rika lile waliofanya mazoezi kwa miaka. Katika uchunguzi wa pili wa watafiti haohao, uwezo wa utando kuulegeza mshipa ulipanda kwa kama asilimia 30. Uzito wao haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Hilo la uzito naomba ulikumbuke, kwa sababu watu wengi huacha mazoezi wiki ya sita kwa kuona mizani imegoma, hali mishipa yao imeshaanza kubadilika.

Je, elastini iliyokatika ilishonwa upya? Hapana. Sehemu ya ugumu wa mshipa hutokana na msuli wake kujikaza muda wote, na sehemu hiyo ndiyo inayolegea. Anayekuahidi kwamba mazoezi yatairudisha aota yako miaka 30 nyuma anakuuzia ndoto. Mazoezi hurudisha kilicho hai na hupunguza mwendo wa kinachochakaa. Huo ni mzigo mkubwa wa kutosha.

Ushahidi wa mitaani ni wa zamani zaidi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris aliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa kiwango cha chini waziwazi. Hawakuwa wanamichezo, walikuwa kazini.

Hatua ya 1: Jua unapoanzia

Vipimo vya kimaabara vya kasi ya wimbi havihitajiki. Unahitaji kipimo cha presha cha kuzungusha mkononi juu ya kiwiko, daftari, na uvumilivu wa siku saba.

Pima asubuhi na jioni. Nusu saa kabla, usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kupishanisha, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Tulia dakika 5 bila kuongea na bila simu. Pima mara mbili kwa kuachana dakika moja, andika zote. Mwishoni mwa wiki tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Usihukumu kwa kipimo kimoja, kiwe kizuri au kibaya.

Andika namba ya juu, ya chini, na tofauti yao. Andika pia mapigo ya moyo kwa dakika ukiwa umetulia. Kisha pima umbali unaoweza kutembea kwa dakika 6 mahali tambarare. Hicho ndicho kipimo kitakachokutia moyo kuliko vyote, kwa sababu hubadilika mapema.

Hatua ya 2: Nani amwone daktari kwanza

Kutembea polepole hakuhitaji kibali cha mtu kwa walio wengi. Ila muone daktari kabla ya kuanza ikiwa:

- wastani wa presha yako ni 180 au zaidi juu, au 110 au zaidi chini;
- umewahi kupata maumivu ya kifua, kubanwa pumzi kusiko kwa kawaida, au kuzimia ukijitahidi;
- una ugonjwa wa moyo, figo au kisukari, au umewahi kupata kiharusi;
- kigimbi hukuuma unapotembea na huacha unaposimama. Hilo nitalirudia, kwa sababu ni jambo la mishipa hasa.

Na wakati wa zoezi lolote, maumivu yanayobana kifua au kupanda kwenye taya na mkono, kizunguzungu, moyo kwenda mrama, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja ni amri ya kuacha na kutafuta msaada saa hiyohiyo. Hapo hakuna kujikaza kiume.

Hatua ya 3: Wiki 12 za kutembea

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza, kasi. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima lakini si kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukikata sentensi katikati kutafuta pumzi, punguza. Anayependa namba atumie hesabu iliyotolewa na Tanaka huyohuyo mwaka 2001: zidisha umri wako kwa 0.7, kisha toa kwenye 208. Mtu wa miaka 60 hupata 208 kutoa 42, yaani 166, ndiyo kadirio la juu kabisa la mapigo yake. Asilimia 65 hadi 75 yake ni mapigo 108 hadi 124 kwa dakika. Ni kadirio tu. Watu wa rika moja hupishana hata kwa mapigo 10 na zaidi. Na anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo aiache hesabu hii kabisa, atumie kipimo cha mazungumzo, kwa sababu dawa imeshaushikilia moyo.

Pili, ratiba.

*Wiki ya 1 na 2.* Dakika 10 hadi 15, siku 5. Ndiyo, ni kidogo. Lengo la wiki hizi si mishipa, ni kuzoesha vifundo, magoti na saa yako ya siku. Ukimaliza ukiwa na hamu ya kuendelea, umefanya sawa.

*Wiki ya 3 na 4.* Dakika 20 hadi 25, siku 5.

*Wiki ya 5 hadi 8.* Dakika 30, siku 5. Hapa umefikisha dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Mwongozo huo unaenda hadi dakika 300 kwa mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 kwa mazoezi makali.

*Wiki ya 9 hadi 12.* Dakika 40 hadi 45, siku 4 hadi 6. Ndicho kiwango walichofikishwa taratibu wale wanaume wa Colorado.

Je, dakika 30 ni lazima ziwe za mkupuo mmoja? Hapana. Kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni zinahesabika. Ninachosisitiza ni kutoziruka siku nyingi mfululizo, na sababu yake ni ya kifiziolojia, haina uhusiano na maadili. Baada ya zoezi moja, presha hushuka na kubaki chini kwa saa kadhaa, mara nyingine karibu siku nzima. Anayetembea leo na kesho huunganisha vipindi hivyo vya nafuu. Anayejiua Jumamosi kwa saa tatu kisha akakaa mpaka Jumamosi nyingine hupata kipindi kimoja na maumivu ya magoti.

Tatu, kuanza na kumaliza. Dakika 5 za mwanzo tembea taratibu ili mishipa ya misuli ifunguke kabla moyo haujadaiwa. Mwisho ni muhimu zaidi. Usisimame ghafla. Ukitembea, vigimbi hukamua damu ya miguuni na kuirudisha moyoni; ukisimama wima papo hapo, ukamuaji unakoma hali mishipa bado iko wazi, damu inajaa miguuni na kichwa kinazunguka. Kwa mtu mwenye umri hatari hiyo ni kubwa, kwa sababu vihisi vya presha vilivyo kwenye aota na ateri za shingoni hufanya kazi kwa kuhisi kuta zikivutika. Kuta ngumu hazivutiki sana, kwa hiyo taarifa inachelewa. Tembea polepole dakika 5, kisha ndipo usimame au ukae. Usiingie moja kwa moja kwenye maji ya moto kuoga.

Magoti hayakuruhusu? Baiskeli, kuogelea, au kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani hufanya kazi ileile. Mshipa haujui unafanya mchezo gani. Unajua damu imepita kwa kasi gani na kwa muda gani.

Hatua ya 4: Ongeza makali, lakini baadaye

Baada ya wiki 12, na si kabla, mwenye afya anaweza kubadilisha siku moja au mbili za wiki kuwa za makali. Namna iliyochunguzwa sana, hasa na watafiti wa Trondheim nchini Norwei, ni dakika 4 za kujitahidi sana mara 4, zikitenganishwa na dakika 3 za mwendo mwepesi. Kujitahidi sana maana yake ni asilimia 85 hadi 95 ya mapigo ya juu kabisa. Unaweza kutamka maneno mawili matatu tu. Kupanda kilima kwa miguu hufikisha huko bila kuumiza viungo kama kukimbia kunavyoumiza.

Anza na raundi mbili. Aliye na ugonjwa wa moyo asijaribu bila usimamizi.

Maoni yangu: makali ni nyongeza nzuri, lakini yametangazwa kupita kiasi. Watu huyafanya wiki mbili, huumia, huacha, na mwezi wa tatu hawana makali wala matembezi.

Hatua ya 5: Nguvu za misuli, na zoezi la ukutani

Fanya mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki: kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kutumia mikono, kusukuma ukuta kwa mikono, kupanda ngazi, kuinua uzito mdogo kwa marudio 10 hadi 15. Aliyevuka miaka 65 aongeze mazoezi ya usawa wa mwili, kama kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, siku 3 au zaidi.

Usibane pumzi. Ukiinua kitu kizito huku umebana pumzi, presha huruka juu mno kwa sekunde chache, na huo ndio mzigo ambao aota ngumu haihitaji. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Upo pia uchunguzi ulioona kuinua vyuma vizito sana peke yake kukiongeza ugumu wa ateri kwa vijana wa kiume, na mwingine ulioona kwamba ukichanganya na mazoezi ya moyo na mapafu, kama kutembea au baiskeli, athari hiyo haitokei. Kwa hiyo usiyaache matembezi ukawa mtu wa vyuma tu.

Zoezi moja nalipa nafasi yake. Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 270 kuhusu mazoezi na presha ya wakati wa kutulia. Aina zote zilishusha, lakini iliyoshusha zaidi ni ya kujikaza bila kusogea: wastani wa milimita 8 za zebaki (kizio cha namba za presha) juu na 4 chini. La kawaida ni la ukutani. Egemeza mgongo ukutani, shuka kama unayeketi kwenye kiti kisichokuwepo, kaa hapo dakika 2, simama upumzike dakika 2. Rudia mpaka zitimie raundi 4. Siku 3 kwa wiki, jumla dakika 14 kila siku ya zoezi.

Dakika 2 za kwanza ni ndefu kuliko unavyofikiri. Usishuke mpaka mapaja yawe sambamba na sakafu. Anza juu, magoti yakunjike kidogo tu, na uteremke wiki kwa wiki. Hesabu kwa sauti, hapo hutaweza kubana pumzi. Mwenye presha ambayo haijadhibitiwa amuulize daktari kwanza, kwani wakati wa zoezi lenyewe presha hupanda.

Hatua ya 6: Kata vikao virefu

Saa tatu za kukaa mfululizo zinatosha kuufanya utando wa ateri za miguu ushindwe kulegea vizuri, hata kwa kijana mzima. Miguu imekunjwa, damu inapita kivivu, msuguano haupo. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Indiana waliona kwamba kutembea dakika 5 tu kila saa, kwa mwendo wa kawaida, kulizuia kushuka huko.

Mfano wa kupita kiasi upo. Mwaka 1966, kule Dallas, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3 kwa ajili ya utafiti. Watafiti waliwapima tena mwaka 1996 wakiwa na miaka 50. Wiki zile 3 za kitandani zilikuwa zimepunguza uwezo wa miili yao kutumia oksijeni kuliko miaka 30 ya kuzeeka ilivyopunguza.

Hata anayetembea dakika 45 kila alfajiri, kisha akakaa saa 9, anahitaji hatua hii. Weka kengele kwenye simu kama itabidi.

Hatua ya 7: Marekebisho kwa hali maalumu

*Kigimbi kinachouma ukitembea.* Hii mara nyingi ni ateri ya mguu iliyoziba kiasi. Daktari hulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ukigawanya ya mguu kwa ya mkono ukapata chini ya 0.9, mshipa una tatizo. Tiba mojawapo yenye nguvu ni kutembea, kinyume na silika inayomwambia mgonjwa akae. Tembea mpaka maumivu yawe ya wastani au makali kidogo, simama mpaka yaishe, tembea tena. Jumla dakika 30 hadi 45 pamoja na mapumziko, siku 3 kwa wiki, angalau wiki 12. Maumivu ya aina hii hayaharibu msuli. Lakini mguu unaouma hata ukiwa umelala, au kidonda kisichopona, ni cha daktari upesi.

*Waliokoma hedhi.* Faida kwa moyo, presha, sukari na mifupa ipo. Ila kwa upande wa utando, tafiti zimeona wanawake wasiotumia homoni hawajibu kwa uhakika kama wanaume wa rika lao. Ukiona presha haishuki kama ya mumeo mnayetembea naye, si uvivu wako. Endelea, na upime presha mara nyingi zaidi ili dawa isicheleweshwe kama inahitajika.

*Wenye kisukari.* Kagua nyayo kila siku, vaa viatu vilivyofungika. Anayetumia insulini apime sukari kabla na baada ya mazoezi, na abebe kitu kitamu.

*Wavutaji.* Moshi unaua oksidi ya nitriki ileile unayoitembelea. Kuacha ndiyo hatua ya kwanza, matembezi yanafuata.

Hatua ya 8: Kupima maendeleo, na kurudi ukikatika

Rudia wiki ya vipimo mwishoni mwa wiki ya 6 na ya 12, kwa taratibu zilezile na saa zilezile. Umbali wa dakika 6 utakuwa wa kwanza kuongezeka. Mapigo ya kutulia hufuata. Presha hushuka kwa milimita chache, nyingi zaidi kwa aliyeanza na ya juu. Mwenye 118 asitegemee mabadiliko. Usipunguze dawa mwenyewe kwa sababu namba zimependeza. Peleka daftari kwa daktari, aamue yeye.

Kukatika kutatokea: homa, safari, msiba, kazi. Utando uliojibu ndani ya wiki chache huanza kurudi ulikotoka ndani ya wiki chache pia. Ukikosa wiki moja, endelea ulipoishia. Ukikosa wiki mbili au tatu, rudi nyuma hatua moja kwenye ratiba, kwa mfano kutoka dakika 40 hadi 30. Ukikosa zaidi ya mwezi, anza na wiki ya 3, si ya kwanza. Vifundo na magoti vitakuwa bado vinakumbuka. Ikiwa kilichokukatisha ni homa, subiri ipite kabisa, na kabla ya kutoka chukua mapigo yako ya kutulia: yakiwa yamezidi ya kawaida yako kwa 10 au zaidi, ahirisha siku nyingine moja.